Safu ya Waliokataa

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimepewa kazi mpya. Mkuu wa kituo aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, jambo ambalo si kawaida yake, akasema kuanzia sasa mpaka baridi iishe mimi ndiye nitakayefuatilia chanjo ya mafua kwa wajawazito wote wa eneo letu. Si mafua haya ya kupenga na kupiga chafya. Ni yale makali yanayoshuka kifuani. Mwaka jana yalituzoa, na humlemea zaidi mjamzito, maana tumbo limeshachukua nafasi ya mapafu.

"Kila mwisho wa mwezi nataka kuiona asilimia," alisema. "Sitaki hadithi. Hadithi tunazo za kutosha."

Nilikubali kabla hajamaliza. Tangu mgongo uniharibikie siwezi tena kazi ya wodini, na kukaa chumba cha mafaili kulikuwa kunanizeesha.

Jumanne, 5 Mei

Nimechora chati kubwa, nimeibandika ukutani kuelekea mlango wa kliniki. Safu tatu: Waliochanjwa. Bado. Waliokataa.

Anayechoma ni rafiki yangu, muuguzi wa chanjo. Tunamwita Mkono Mwepesi kwa sababu akina mama wakishachomwa bado huwa wamefumba macho wakisubiri kuchomwa. Aliitazama chati, akaniambia, "Hiyo safu ya tatu umeifanya nyembamba mno, shoga. Utakuja kuomba karatasi nyingine."

Jumamosi, 9 Mei

Nimegombana na wifi.

Niiandike vizuri nisije nikajidanganya baadaye. Nyumba yetu ni moja: mama, mimi, kaka yangu na mkewe. Kaka ni fundi wa kuchomea vyuma. Wifi ni fundi cherehani, na cherehani yake iko pale barazani, kwa hiyo haingii mtu wala hatoki bila kupata neno lake. Ana mimba ya miezi mitano. Tangu aolewe hapa sisi ni watu wa utani. Mimi humwambia amekuja kunimalizia kaka yangu, yeye huniambia nimebaki hapa kulinda masufuria.

Leo nikamwambia, kwa utani huo huo, Jumanne aje kliniki achomwe, anifungulie safu ya kwanza kwa mguu mwema. Hakucheka. Alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Sindano sitaki, wifi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Najua. Mimba yake ya kwanza alichomwa sindano ya pepopunda, na wiki hiyo hiyo mimba ikatoka. Nilimweleza wakati ule kwamba sindano haikuhusika, na leo nimemweleza tena. Mama alikuwa anakunja nguo, akaingilia.

"Mwache mwenzako. Wewe una vitabu, yeye ana tumbo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa wewe hutaki hata ashtuke?"

"Mama, huu si ung'ongo wala nyoka. Ni dawa."

"Na ile ilikuwa dawa. Mjukuu wangu yuko wapi? Katika nyumba hii, sindano nyingine haingii tumboni mwa huyu mtoto wa watu."

Nilimgeukia kaka, aliyekuwa anakula. Akasema, "Mimi mambo ya wanawake sina mdomo," kisha akaendelea kula kwa huo huo mdomo ambao hana.

Hapo nikachemka. Nikasema watu wa namna yao ndio wanaojaza makaburi, halafu wanasimama kando ya shimo wakisema ni mapenzi ya Mungu. Wifi aliinuka taratibu, mkono kiunoni, akaingia ndani. Kitambaa alichokuwa anakishona kilibaki kimening'inia kwenye sindano ya cherehani.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemwandika wifi kwenye safu ya Waliokataa. Ndiye wa kwanza. Alikataa, sikumwonea.

Alhamisi, 14 Mei

Manyunyu. Wamechanjwa wanne.

Jumanne, 19 Mei

Manyunyu. Wawili. Wifi hanisemeshi. Ananipitishia maneno kupitia mama: "Mwambie mwanao chakula kiko mezani."

Ijumaa, 29 Mei

Kikao cha mwezi. Asilimia yetu ni thelathini na moja, chini ya vituo vyote jirani. Mkuu hakukasirikia hilo sana. Kilichomkasirisha ni hesabu nyingine niliyomwandalia: dozi zilizomwagwa. Kichupa kimoja kina dozi kumi, na kikishafunguliwa, kisichotumika siku hiyo humwagwa jioni. Mkono Mwepesi amekuwa akifungua kichupa hata kwa mama mmoja.

Mkuu alimsimamisha mbele yetu sote.

"Wewe, muuguzi, unajua dozi hizi zinatoka wapi? Unadhani zinachotwa bombani?"

"Mama akishakuja, mkuu, siwezi kumrudisha."

"Utamrudisha. Utamwambia aje siku nyingine, na wenzake. Kuanzia leo kichupa hakifunguliwi mpaka wafike sita. Nikiona tena hesabu kama hii nitajua umechoka kazi."

Mkono Mwepesi alibaki amesimama, macho sakafuni, kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Kisha mkuu akanisifu mimi kwa takwimu safi. Akasema laiti wote wangekuwa kama mimi. Nilijisikia vizuri. Ndiyo, nilijisikia vizuri, na niliona pia kwamba sheria ile ina akili: dawa ni chache, haifai kumwagwa.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua imeanza kweli. Nimeanza kuzunguka majumbani siku za kliniki, Jumanne na Alhamisi, maana nikibaki kituoni napewa kazi za watu.

Jumanne, 9 Juni

Nyumba sita. Milango miwili haikufunguliwa, ingawa nilisikia redio ndani. Matope yamenimeza kiatu. Narudi nyumbani, wifi ananiona nimebeba kiatu mkononi, nusura acheke. Akajizuia. Mkaidi huyu.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua ya mawe tangu asubuhi. Sikufika popote, nilijikinga kwenye kibanda cha fundi viatu. Jioni nilimpitia Mkono Mwepesi kumwuliza hesabu ya leo.

"Wamekuja watatu."

"Umewachoma?"

"Watatu si sita," alisema, akaendelea kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Nikaandika sifuri.

Jumatatu, 15 Juni

Mafua yamefika. Watoto watatu wa shule ya jirani wamelazwa. Wodi ya wanaume inakohoa usiku kucha, anasema mlinzi.

Jumanne, 23 Juni

Leo sijui nimefurahi au nimeudhika.

Nilikwenda kwa mwalimu wa chekechea, mimba ya miezi sita, nimemwandika Amekataa kwa sababu ameitwa mara mbili na bado hajachanjwa. Nilikuta anasahihisha madaftari, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Nilianza mahubiri yangu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, ndipo akaniuliza, "Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Nani aliyekwambia nimekataa? Nimekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa mpaka saa sita, nikaambiwa hatujatimia. Mara ya pili hivyo hivyo. Mimi nina darasa la watoto arobaini. Nikiwaacha mara ya tatu nitafukuzwa kazi."

Nilimjibu kwa heshima, lakini njiani nilijiambia: hivi ndivyo wanavyosema wote wakishabanwa. Mtu hakosi kisingizio.

Alhamisi, 25 Juni

Muuza mboga wa njia panda, mimba ya miezi minane. Hajui kusoma chati yangu wala hamjui mwalimu wa chekechea. Kaniambia maneno yale yale: "Tuliambiwa tuje wengi. Sasa mimi wajawazito wenzangu niwatoe wapi, niwazae?" Wateja wake walicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 26 Juni

Nimepita tena kwa watu kumi niliowaandika kuwa wamekataa. Waliokataa kweli ni watatu. Waliobaki walikuja, wakarudishwa.

Nimeikalia chati yangu mchana mzima nikiitazama. Mwezi na nusu nimekuwa nikiwaita wajinga watu waliokwisha kusimama mlangoni petu na mvua mgongoni.

Nilimwuliza Mkono Mwepesi mbona hakuniambia. Akanijibu bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira: "Nikwambie wewe? Si hesabu yako ndiyo iliyonisimamisha?"

Jumatatu, 29 Juni

Nimeomba kumwona mkuu. Yuko safarini mpaka wiki ijayo. Basi wiki ijayo.

Alhamisi, 2 Julai

Wifi anakohoa.

Ijumaa, 3 Julai

Kikohozi kikavu. Anashona. Nimemwambia apumzike, akamwambia mama, "Mwambie mwanao sare za shule hazijishoni." Lakini alinitazama aliposema, na jicho lile lilikuwa la amani. Nadhani ugomvi wetu unakufa wenyewe, kama moto ulioishiwa kuni.

Jumapili, 5 Julai

Asubuhi sikusikia cherehani. Nilimkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, midomo ina rangi ya majivu. Nilihesabu pumzi zake kwa mazoea ya kazi. Sikuendelea hata nusu dakika. Nilimwita kaka.

"Tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

"Si mafua tu?" kaka aliuliza. "Hata mimi ninayo."

"Mtazame midomo."

Akamtazama. Sijawahi kumwona kaka yangu akikimbia, ni mtu mzito, lakini alikimbia kwenda kutafuta gari bila viatu. Mama alikuwa anamkanda wifi miguu, anarudia, "Ni baridi tu, mwanangu, ni baridi tu."

Kituoni kwetu walimpa oksijeni, wakaandika rufaa papo hapo. Ndani ya gari la wagonjwa nilimshika mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha moja kwa moja tangu Mei.

"Wifi."

"Nipo."

"Usinigombeze."

"Sikugombezi. Nani anakugombeza? Pumua tu."

Alitaka kuongeza neno, akashindwa, pumzi haikutosha. Nikamwambia anyamaze, tutaongea akipona. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Jumanne, 7 Julai

Wamemfanyia upasuaji kumtoa mtoto, kwa sababu mapafu ya mama hayawezi tena kupumulia wawili. Msichana. Miezi saba, mdogo kama mkate, ngozi inang'aa. Ameingizwa kwenye kisanduku cha joto. Alilia. Daktari alisema kulia ni dalili njema.

Mama yake amewekewa mashine ya kupumulia. Hajui kama amezaa.

Kaka amesimama kwenye ukumbi baina ya wodi mbili, hajui aelekee upande gani.

Alhamisi, 9 Julai

Hali ile ile.

Ijumaa, 10 Julai

Hali ile ile. Daktari kijana aliniuliza kama mgonjwa alichanjwa mafua. Nilisema hapana. Akauliza kama alikataa. Nilisema ndiyo. Aliandika.

Jumamosi, 11 Julai

Wifi amefariki leo saa nne asubuhi. Kaka alikuwa amekwenda kumwona mtoto. Tulikuwa mimi, nesi na ile mashine. Nesi aliizima, na ukimya uliokuja sikuwahi kuusikia katika miaka yangu yote ya kazi, ingawa nimezima mashine za watu wengi.

Siwezi zaidi.

Jumanne, 14 Julai

Tumemzika juzi, mvua inanyesha. Udongo ulikuwa mzito, majembe yanatoka nao kama unga uliokandwa.

Lililotokea jana ndilo linaloniuma kuliko kaburi. Waombolezaji wamejaa barazani, cherehani imefunikwa shuka. Mama akasema, kama wanavyosema wazee wakizidiwa, "Mungu alitoa, Mungu ametwaa." Kaka aliinua kichwa.

"Mungu?" alisema. "Mungu hakumkataza sindano. Wewe ndiye uliyemkataza. Si ulisema haingii? Haya, haikuingia."

Watu wote waliinamisha macho. Shangazi alimshika kaka bega, akamtikisa amnyamazishe. Mama alisimama akajaribu kuingia ndani, akaukosa mlango, akagonga ukuta kama kipofu.

Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilisema: kweli kaka.

Ijumaa, 17 Julai

Nimerudi kazini. Mkono Mwepesi alikuwa ananisubiri kwenye chumba cha jokofu. Aliufunga mlango. Sijawahi kumwona akilia, ni mwanamke wa mzaha, lakini alikuwa amevimba uso.

"Nina neno, na ukishalisikia unaweza kunipiga. Sitajikinga."

"Sema."

"Wifi yako alikuja."

Sikuelewa. Nilidhani anasema ndoto, maana wafiwa huletewa ndoto.

"Alikuja hapa. Jumanne moja, mwanzo wa Juni, wewe umekwenda kuzunguka. Walikuwa wawili tu. Nikamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi akarudi, siku ile ya mvua ya mawe, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Nilikwambia walikuja watatu. Yeye alikuwa mmoja wao."

"Mbona hukunitajia?"

"Aliniomba nisiseme. Alisema anataka kukutania. Kwamba siku atakayochomwa ataibandika kadi yake kwenye ile chati yako, juu ya safu ya Waliokataa, halafu akae pale mlangoni aone utakavyofanya. Alicheka sana. Nikamwambia, basi wifi, rudi wiki ijayo, akasema sare za shule zimembana, atakuja zikiisha." Alijipangusa uso kwa mkono. "Kichupa kilikuwa humu humu. Nilikuwa nimeshika mlango wa jokofu. Nilimfikiria mkuu, nikaufunga."

Sikumpiga. Nilikaa juu ya boksi la mabomba ya sindano. Yeye akakaa sakafuni. Nje akina mama walikuwa wanauliza kama leo kuna kliniki.

Kutoka Alhamisi ile mpaka kikohozi cha kwanza zilipita wiki tatu. Kinga huchukua wiki mbili. Hesabu hii naifanya tena na tena, na kila mara inatoka vile vile.

Jumatatu, 20 Julai

Niliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. Nilimwekea ripoti mpya mezani. Ina safu nne. Ya nne nimeiita Waliorudishwa.

Aliisoma akiwa amesimama. Akasema ananipa pole kwa msiba. Kisha akasema, "Safu hii haipo kwenye fomu iliyotoka juu."

"Ndiyo maana nimeiandika kwa mkono."

"Huwezi kuthibitisha kwamba chanjo ingemwokoa. Kuna waliochanjwa wakaugua."

"Siwezi," nilimwambia. "Lakini naweza kuthibitisha kwamba alikuja. Mara mbili."

Alivua miwani, akaitazama. Nilidhani atafoka. Badala yake alisema kwa sauti ya chini kwamba naye alipigiwa simu mwezi wa nne, akasomewa hesabu ya dozi zilizomwagwa mwaka jana, akaulizwa kama amechoka kazi. Maneno yale yale. Basi nikaona lile neno limeteremka ngazi kwa ngazi kutoka kwa watu nisiowajua, likampitia yeye, likanipitia mimi, likafika kwenye mlango wa jokofu.

"Kuanzia kesho vifunguliwe hata kwa mmoja," alisema. "Na ripoti yako itakwenda kama ilivyo. Sijui watafanya nini huko."

Sikumshukuru.

Alhamisi, 23 Julai

Kliniki. Wamechanjwa kumi na mmoja, baada ya Mkono Mwepesi kuwapigia simu mmoja mmoja na kuwaomba radhi. Mwalimu wa chekechea alikuja na wasaidizi wake wawili wa darasa. Muuza mboga ameshajifungua, salama.

Nyumbani sijasema.

Alhamisi, 30 Julai

Mvua imepungua. Mama hali. Anamega tonge, analiviringa mpaka linapoa, analirudisha sahani. Kaka hula akiwa amempa mgongo. Wanapishana mlangoni kama wapangaji. Kaka anapotaka kumwambia neno ananituma mimi: "Mwambie mama yako."

Sijasema.

Jumanne, 4 Agosti

Leo mama aliniuliza, "Uliniambia nisimkataze. Nikamkataza. Mtu kama mimi anaombaje msamaha, na kwa nani?" Nilimwambia apumzike. Nikatoka nje nikaenda kufua nguo zilizo safi.

Mbona nakaa kimya? Nimejiuliza mpaka nimelipata jibu, na si zuri. Nikisema alikuja, wataniuliza kwa nini alirudishwa. Nikisema kwa nini, wataniuliza nani aliyeandika hesabu. Sasa hivi katika nyumba hii mwenye kosa ni mama, na mimi ni yule aliyeonya. Kaka ananiheshimu. Watu waliokuja msibani walinishika mkono wakasema, "Wewe ulisema, dada, ulisema." Nimeuacha mwili wa mama yangu unikinge.

Jumatatu, 10 Agosti

Mtoto ametoka hospitali. Amefika uzito wanaoutaka. Kaka alimbeba kifuani ndani ya shati njia nzima, amefunga vifungo vyote, kapu la kumbebea likiwa tupu mkononi. Mama alinyoosha mikono ampokee. Kaka akampita, akanipa mimi.

Jumapili, 16 Agosti

Nimesema.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Jua limetoka, la kwanza la maana tangu Mei, na mlango uko wazi. Mtoto nilikuwa nimempakata. Sahani ya mama ilikuwa imejaa kama ilivyowekwa. Kaka alikuwa anavaa viatu, anataka kwenda zake.

"Kaka, kaa."

"Nina kazi."

"Leo Jumapili, huna kazi. Kaa."

Akakaa, kiatu kimoja mguuni. Nikaanza kutokea kwenye kikao cha mwezi wa tano, sikuruka kitu. Hesabu niliyoandaa. Sifa nilizopewa. Sheria ya watu sita. Jumanne ile. Alhamisi ile, mvua ya mawe, mfuko wa nailoni. Utani aliokuwa ananiandalia. Nikawaambia kwamba hata daktari aliponiuliza nilisema amekataa, na ikaandikwa hivyo, na kwamba nimelijua jambo hili mwezi mzima nikakaa nalo.

Mama ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hebu niambie tena. Alikwenda mwenyewe?"

"Alikwenda mwenyewe, mama."

"Hakupelekwa na mtu?"

"Hakupelekwa na mtu. Alikwenda mara mbili."

"Kwa hiyo hakunisikiliza."

"Hakukusikiliza, mama."

Mama alijifunika uso kwa viganja. Mabega yalianza kutikisika, nikadhani ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine kinachopanda. "Mkaidi yule," alisema. "Mwanangu mkaidi yule. Alinitazama machoni akaniitikia 'ndiyo mama', kumbe ana yake." Akarudia, "Hakunisikiliza," kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakitoa rohoni.

Kaka alikuwa anatazama kiatu alichokishika.

"Hesabu ile uliiandika wewe," alisema.

"Mimi."

"Na nilipomwambia mama maneno yale mbele za watu, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Wakati ule sikujua. Lakini baadaye nilijua, na nikakuacha uendelee."

Aliinuka akanijia. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Akainama, akamtoa mtoto mapajani mwangu, taratibu, akikishika kichwa kwa kiganja kama walivyomfundisha hospitalini. Alivuka chumba akaenda kumweka mikononi mwa mama. Kisha akapiga magoti pale chini, yeye na ukubwa wake wote, kiatu kimoja mguuni, akaivuta ile sahani iliyopoa.

"Mama," alisema, "kula."

Akamega tonge akamlisha, na mama akala. Nilibaki nimekaa kwenye kiti changu. Kwangu hakugeuka, wala sikumwita.